Siku Mbili za Kumpima Cleopa

Cleopa Chilongola alimng'oa mtu meno mawili mwaka ule ule aliofika mkongeni, na ugomvi wenyewe ulihusu nani anamaliza kazi kabla ya nani. Walikuwa kilabuni Kimamba. Mtu mmoja wa Iringa akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mkaguru hana mkono wa mkonge, mkono wake umeumbwa kushika kitabu cha nyimbo. Cleopa alikuwa kweli amekulia Berega, jirani na misheni, na kitabu cha nyimbo alikuwa nacho ndani ya kifurushi. Akaweka kopo la pombe chini taratibu, akainuka. Walipoachanishwa, yule wa Iringa alikuwa anatema damu, na Cleopa anauliza kama kuna mwingine mwenye swali.

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na ni heri ujulikane mapema. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi wa kulala njiani, na mkewe Raheli hakumpiga. Lakini ukimwambia kuna mwanaume anayemshinda kukata mkonge, damu ilimchemka, na hapo ilibidi kitu kivunjike.

Aliyemleta mkongeni ni Stefano, kaka wa mama yake. Kwa Wakaguru mjomba si mtu wa kusalimia tu na kupita. Mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Stefano alimpokea Cleopa akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akamlaza chumbani mwake kambini, akamfundisha kukata mwiba wa ncha kwanza, kabla ya kugusa jani, maana mwiba huo ulikuwa umeshawatoboa macho watu wengi katika shamba lile. Akamfundisha kuhesabu majani thelathini na kuyafunga tita moja bila kuinua kichwa. Akamfundisha kunyamaza mbele ya nyapara. Hili la mwisho Cleopa alilishika kwa shida sana.

Kazi ya siku moja ilikuwa matita sabini, yaliyokatwa, yakafungwa, yakabebwa kichwani hadi kwenye reli ya toroli na kupangwa. Ukitimiza sabini, nyapara anakuwekea alama kwenye kipande chako, ile kadi ya kazi. Ukifikisha sitini na tisa, huna alama, na jasho lako lote limekuwa zawadi kwa tajiri. Alama thelathini zilipojaa ndipo ulipolipwa. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kuchekesha, lakini chumba kilikuwa cha bure, na kila Jumamosi mtu alipewa posho ya unga na maharage. Mkataji wa kawaida alimaliza saa saba. Stefano, mgongo ukiwa umeshaanza kumsaliti, alimaliza saa tisa. Cleopa alimaliza saa nne na nusu, akaenda kuoga, akarudi na shati safi kuwatazama wenzake wanavyotaabika. Alipendwa kwa hilo na alichukiwa kwa hilo.

Uhuru ulipotimiza mwaka mmoja na ushei, ikaja sheria ya kima cha chini cha mshahara. Kambi ilicheza ngoma siku mbili. Siku ya tatu meneja, Mgiriki mwenye madoa ya tumbaku kwenye vidole vyake vyote, akawakusanya na kuwaeleza habari iliyobaki. Mshahara utapanda, sawa, serikali imesema. Kwa hiyo posho imekwisha, kila mtu ajinunulie unga dukani. Na vyumba vya kambi vitalipiwa kodi, itakatwa humo humo kwenye mshahara. Na kwa kuwa sasa mtu analipwa mshahara wa mtu mzima, afanye kazi ya mtu mzima. Sabini ilikuwa kazi ya zamani. Kazi mpya itapimwa.

"Chagueni mtu wenu mmoja," alisema. "Atakata siku nzima mbele ya karani. Tutakachokiona, tutakiandika. Mimi sitaki mtu aseme nimewaonea."

Mzungu yule hakuwa mjinga hata kidogo.

Jioni hiyo katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, Theodory, aliitisha mkutano. Alikuwa kijana mwembamba aliyewahi kuwa karani wa stoo, na alijua hesabu. Akasema jambo la busara kabisa: apimwe Mzee Stefano. Mzee akate kwa nguvu zake za kizee, na hiyo ndiyo iwe kazi ya kila mtu.

Watu wakaguna. Walimpenda Stefano, lakini shamba la jirani lilikuwa limeshatoa dume lake lipimwe, Mbena mwenye shingo nene, na habari zake zilikuwa zimevuka mto. Wao watoe mgongo uliopinda? Watachekwa hadi Kilosa mjini. Mmoja akataja jina la Cleopa, wa pili akalitaja, na mara mkutano mzima ulikuwa unalitaja. Theodory alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mwishoni akakubali kwa sharti moja, akamshika Cleopa mabega.

"Unakata sabini. Ukifika sabini unakaa chini, unasema umechoka. Unanisikia? Sabini."

"Nimekusikia, katibu," alisema Cleopa, na alikuwa anasema kweli.

Asubuhi ya kipimo watu wote walikuwa pale, hata wanawake na watoto mgongoni. Meneja alikaa kwenye kiti cha kukunja, karani kando yake na daftari. Cleopa akaanza polepole. Alikata kama mtu anayewaza mambo mengine. Saa mbili ikamkuta na matita kumi na mawili, na Theodory akaanza kupumua vizuri.

Aliyeharibu alikuwa Vitalis. Vitalis alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wakaguru ni watani, tangu enzi za misafara ya pembe. Mtani akikutukana humkasirikii. Akichukua kofia yako amechukua. Siku ukifa, yeye ndiye atakayelala kaburini mwako kabla yako na kudai alipwe ndipo atoke. Kwa miaka yote Vitalis alikuwa akimtania Cleopa kila asubuhi, na asubuhi ile mdomo wake ukafanya kazi yake kabla kichwa hakijauliza.

"Jamani, mtazameni mtani wangu! Anakata mkonge, au anamchumia mama mkwe wake mchicha?"

Wanawake wakacheka. Cleopa akaendelea kukata polepole.

"Raheli!" Vitalis akaendelea, maana kicheko kilikuwa kimemtia ndimu. "Njoo umpokee kisu mwenzio, amejifungua jana huyu!"

Meneja naye akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomchoma Cleopa. Kama anayemtania angekuwa mtu mwingine, Cleopa angemvunja taya, hasira ikaishia hapo. Lakini mtani hapigwi. Hasira ikakosa mlango, ikashuka mkononi. Akatema mate kwenye viganja, akainama, na kuanzia hapo hakukuwa na mtu mstarini, kulikuwa na kisu tu. Majani yalianguka kushoto na kulia. Mwiba mmoja ukamchana paji la uso kutoka jicho hadi nywele, damu ikamwagika kifuani, naye hakujifuta. Watu wakaanza kuimba. Wanawake wakapiga vigelegele. Theodory alikimbia kando ya mstari akilia, "Kaa chini! Kaa chini, Cleopa!" na hakuna aliyemsikia, kwa sababu hata wale watakaoumia kesho walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote.

Matita mia moja thelathini na mawili. Wakambeba juu juu hadi kambini, damu na yote.

Meneja akawa mtu wa huruma. Hakuandika mia na thelathini na mbili. Aliandika mia na kumi.

Mwezi wa kwanza ulitosha kuwafundisha. Wakataji wa kawaida walimaliza jua likizama, au hawakumaliza. Vipande vilijaa nafasi tupu. Mshahara mpya ulikuwapo kwenye karatasi ya serikali, lakini wa kuufikia walihesabika kwa vidole. Kodi ya chumba haikungoja alama, ilikatwa tu, na mwezi wa tatu ikapandishwa kwa sababu mabati yanahitaji rangi. Aliyeshindwa alitolewa godoro nje na vijana wa meneja. Aliyebisha alitolewa meno.

Basi kambi ikamgeukia yule waliyembeba. Walimvizia Cleopa njiani, watu wanne, wakampiga kwa vigogo vya mkonge mpaka akakojoa damu. Alirudisha, bila shaka. Mmoja wao alivunjika mkono na hivyo akafukuzwa kazi, na mkewe akaja kulaani mlangoni. Bombani wanawake walimpisha Raheli kwa dharau, wakamwita Mke wa Mia na Kumi. Siku moja jiwe likatoka kwenye kundi likampata juu ya jicho. Alirudi na ndoo tupu, uso umejaa damu, bintiye Letisia ameshika upindo wa khanga yake na kulia.

"Nani?" Cleopa akauliza, kisu tayari mkononi.

"Kaa chini, Baba Letisia," alisema Raheli. "Wamerusha jiwe moja. Wewe umerusha mangapi?"

Alikaa. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Nyapara wao aliitwa Wenceslaus. Enzi ya Mwingereza alitembea na kiboko mkononi. Uhuru ulipokuja aliamriwa akiache, naye akakipeleka nyumbani, akakipaka mafuta, akakitundika. Sasa kazi ilipokuwa ngumu na watu wakaidi, akakitundua. Wiki moja baada ya lile jiwe, Stefano alianguka mstarini akiwa na matita hamsini na saba. Wenceslaus akamwambia ainuke. Mzee akasema miguu haisikii. Wenceslaus akaihimiza miguu kwa kiboko, mara tano, mara sita, mzee akijikunja kati ya mikonge na miiba ikimkaribisha kila upande alikogeukia.

Alama hakupata. Ilikuwa ya kumi na moja kukosa mwezi huo, na meneja akatuma neno: mwisho wa mwezi Mzee Stefano apishe chumba. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amekaa humo. Kwao Berega hakuwa na shamba tena wala nyumba.

Cleopa alipoona mgongo wa mjomba wake hakupiga kelele. Alitoka akiwa na kisu, akielekea nyumbani kwa Wenceslaus, na angefika kama Theodory asingejitupa miguuni pake na kumng'ang'ania mpaka wote wawili wakaanguka.

"Ukimkata watakunyonga," Theodory alisema, mdomo umejaa vumbi. "Na kazi itabaki mia na kumi. Sikiliza! Nimekwenda Kilosa kwa afisa wa kazi. Atakuja. Anasema kile kipimo alikiandika meneja peke yake, kwa hiyo kitarudiwa mbele ya macho yake. Lakini anamtaka mtu yule yule. Mkono ule ule."

Cleopa akatulia chini yake.

"Ukitoa sabini, mjomba wako anabaki chumbani kwake," alisema Theodory. "Na meneja anajua. Atamtuma Wenceslaus akuchokoze. Ukimgusa, hata kwa ukucha, watasema mkataji amempiga nyapara, kipimo kimevunjika, polisi waitwe. Na afisa hatarudi mwaka huu. Utaweza?"

"Sijui," alisema Cleopa. Lilikuwa jibu la kwanza la unyenyekevu alilowahi kulitoa.

Siku ya pili ya kupimwa hakukuwa na nyimbo. Theodory alikuwa ameamuru watani wote wabaki kambini. Vitalis alikuja hata hivyo, lakini alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni mwenyewe, fundo kisogoni, na macho yake juu ya kitambaa yalikuwa ya mtu aliyefiwa. Afisa wa kazi, Mwafrika mwenye suti na soksi ndefu, alikaa kwenye kiti kando ya reli ya toroli. Kutoka pale aliyaona matita yakifika. Mistarini kwenyewe hakuona, maana mkonge ulikuwa umempita mtu kimo.

Wenceslaus alimfuata Cleopa ndani ya mstari. Meneja alikuwa amemwambia waziwazi: mkasirishe akate, au mkasirishe apige, vyote viwili ni vyema. Alianza na maneno. Akamtaja mama yake. Akamtaja Raheli, akaeleza alichosikia kuhusu Raheli, kwa kirefu. Cleopa akahesabu majani kwa sauti. Ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Akafunga. Akabeba. Akarudi.

Saa tatu Wenceslaus akatoa kiboko ndani ya koti.

Pigo la kwanza lilimpata Cleopa ameinama, likapita mgongoni kutoka bega hadi kiuno na kupasua shati. Mkono wake ulikaza mpini wa kisu mpaka vifundo vikawa vyeupe. Alijua kabisa ni wapi angekipitisha: chini ya kidevu, pale paliponyolewa vibaya. Alipaona. Hatua moja tu. Akauma meno, akakata jani.

"Kaza mkono," alisema Wenceslaus kwa sauti ya chini. "Kaza, dume la Berega. Mia na thelathini na mbili. Uliweza siku ile."

Cleopa akakata jani jingine, polepole, kwa mwendo wa mzee. Aliukumbuka mwendo wa mjomba wake, jinsi anavyoegemea goti kabla ya kuinuka, jinsi anavyopumua mara mbili baada ya kufunga, akaufuata kama ulivyo. Hilo ndilo lililomsaidia. Kila alipotaka kuruka alijiuliza mjomba angefanya nini hapa, na mjomba angepumua. Kwa hiyo akapumua, na kiboko kikatua tena.

Alipobeba matita hadi relini aligeuza mgongo upande wa pori ili afisa asione, kwa sababu afisa akiona damu atauliza, na akiuliza meneja atadai mkataji amegombana na nyapara, siku imevunjika. Damu ilijaa ndani ya suruali. Nzi wakamjua. Saa sita Wenceslaus alimpiga sikioni na mpini, na kwa muda Cleopa hakusikia kitu isipokuwa mlio mmoja mrefu. Saa nane alipigwa magotini akaanguka juu ya mkonge, mwiba ukaingia kiganjani ukatokea upande wa pili. Akautoa kwa meno. Machozi yalimtoka, machozi ya hasira, mengi, na hakuyaficha kwa sababu mle mstarini aliyeyaona ni Wenceslaus peke yake.

Na Wenceslaus alikuwa amechoka. Saa tisa alikishusha kiboko. "Nipige basi," alisema mwishowe, kama anayeomba maji. "Nipige mara moja tuende nyumbani."

"Thelathini," alisema Cleopa, akafunga tita.

Lilikuwa la sabini. Akalibeba, akalipanga juu ya mengine, akakaa chini ya jua mbele ya afisa wa kazi na kusema alilofundishwa. "Nimechoka, bwana."

Afisa akatazama saa yake, akayahesabu matita mwenyewe, akaandika. Akaongeza matano kwa ajili ya mshahara mpya, na kazi ya shamba lile ikawa matita sabini na tano. Meneja akatia sahihi. Kisha akasema, naye alikuwa na haki hiyo, kwamba mtu aliyewahi kukata mia na thelathini na mbili na leo akakata sabini ni mvivu au ni mwongo, na shamba lake halihitaji mmoja wala mwingine. Cleopa amemwaga unga. Kesho asubuhi apishe chumba.

Jioni Raheli alimwosha mgongo kwa maji ya chumvi. Hapo ndipo Cleopa alipopiga kelele, kelele ya mnyama, na kambi nzima ikasikia kupitia kuta za bati. Hakuna aliyekuja. Walikuwa wamekaa milangoni mwao, hawajui waanzie wapi.

Asubuhi kambi ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa wamekwenda kukata, kwa sababu kazi ilikuwa imeshuka na hakuna aliyetaka kukosa alama siku ya kwanza. Cleopa alisimama kati ya vyumba vilivyofungwa, ameshika godoro kwa mkono mmoja uliokuwa unakubali kukunjika, na utupu huo wa kambi ulimuuma kuliko kiboko. Alitegemea hata mtu mmoja. Raheli akajitwisha sufuria na kifurushi, Letisia akabeba taa, wakavuta kitanda wenyewe hadi barabarani kungoja lori la kwenda Mikumi na mbele hadi Kidodi, ambako ilisemekana wakata miwa walikuwa wanatafutwa.

Lori halikuja. Jua likapanda. Saa saba kasorobo wakataji wakaanza kutoka shambani, wa kwanza, wa kumi, wa hamsini, visu begani, wana nguvu bado za kugombana. Walipoiona ile familia na kitanda chake wakapunguza mwendo. Wengine wakaangalia chini, wakapita haraka. Vitalis alikuja mbio, akashika kitanda kwa pande zote mbili asijue la kukifanyia, asiweze kusema hata tusi moja.

Mzee Stefano alikuja wa mwisho, saa kumi kasorobo, kwa mwendo wake wa kuegemea goti. Alikuwa na alama kwenye kipande. Cleopa akainuka kwa taabu, akainamisha kichwa amwamkie mjomba wake kama inavyopasa. Lakini mzee alimtangulia. Akavua kofia yake ya majani, akainama mbele ya mtoto wa dada yake, barabarani, mbele ya watu wote.

"Shikamoo," alisema.

Cleopa akarudi nyuma hatua mbili. Jambo hilo halifanyiki. Mtu mzima haamkii kijana. Ni kama laana. "Mjomba, usinifanyie hivyo," alisema. "Nakuomba. Mimi ndiye niliyekupigisha."

"Itikia," alisema Stefano bila kuinuka. "Mgongo unauma, mwanangu. Itikia niinuke."

Barabara nzima ilikuwa inangoja. Raheli akamgusa kiwiko.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ambayo hata Vitalis aliyekuwa karibu hakuisikia vizuri.

Mzee akainuka, akavaa kofia, akaenda kufungua chumba chake.